Nazi Inayoelea: Namna ya Kumsaidia Mtoto Mdogo Kujenga Ufahamu kwa Mchezo na kwa Somo

Mwongozo huu nimewaandikia walimu wapya wa skuli za maandalizi wa Unguja na Pemba, pamoja na wazee wenye watoto wa kati ya miaka 3 na 7. Hauhitaji vifaa vya kununua isipokuwa beseni, na beseni nalo linaweza kuazimwa kwa jirani. Unachohitaji ni uvumilivu wa kumtazama mtoto kabla ya kumfundisha, na kwa uzoefu wangu uvumilivu huo ni adimu kuliko vifaa vyote tunavyovililia.

Jambo ninalotaka lishikwe tangu mwanzo ni kwamba mtoto haingii darasani akiwa hana fikra juu ya kile tunachotaka kumfundisha. Anaingia na kanuni zake mwenyewe, alizojitungia uani, pwani na jikoni kwa bibi yake, na kanuni hizo zinamfaa katika mambo mengi ya kila siku, hivyo haoni sababu ya kuziacha. Tukimpa kanuni yetu juu ya yake, yake haiondoki. Ataikariri yetu mbele ya mwalimu na kuendelea kuitumia yake akitoka nje. Kwa hiyo kazi ya mkubwa ina hatua mbili: kwanza aijue kanuni anayoitumia mtoto sasa, kisha amtilie mbele yake kitu ambacho kanuni hiyo inashindwa kukieleza. Yanayofuata yote ni maelezo ya namna ya kuzifanya hatua hizo mbili.

Ushahidi ulio karibu zaidi umo katika lugha yenyewe. Mtoto mdogo anaposema "nataka nikule", hakuna mkubwa wa nyumba yake aliyemfundisha neno hilo, kwani kila siku anasikia "nile", "ule" na "tule". Amelipata kwa kufikiri. Amesikia "anakula", "umekula" na "tutakula", akahitimisha kwamba shina la kitendo hicho ni "kula" zima, kama vile "lala" lilivyo shina katika "analala" na "nilale". Hoja yake haina kasoro; kasoro, kama tutaiita hivyo, iko katika Kiswahili, ambacho silabi yake ya "ku" huja na kuondoka. Anayemkemea anamkemea kwa kufikiri. Anayemjibu kwa utulivu, "Haya, njoo ule," anampa bila ya ugomvi kitu cha kulinganisha na kanuni yake, na baada ya muda mtoto atairekebisha mwenyewe.

Jean Piaget, mtaalamu wa Uswisi aliyezaliwa mwaka 1896, alianza safari yake kwa makosa ya namna hii. Karibu na mwaka 1920, alipokuwa Paris akishughulikia mitihani ya akili ya watoto, alivutwa zaidi na majibu yaliyokosewa kuliko yaliyo sawa, kwa sababu aliona kwamba watoto wa rika moja hukosea kwa namna moja, na kosa linalofanana kwa watoto wengi haliwezi kuwa bahati mbaya. Lev Vygotsky wa Urusi, aliyezaliwa mwaka huo huo wa 1896 na kufariki kijana mwaka 1934, alitilia mkazo upande wa pili wa jambo hili: mtoto hajengi ufahamu peke yake, bali katika maongezi na kazi za pamoja na wanaomzidi kujua. Mwalimu wa maandalizi anawahitaji wote wawili, na hana haja ya kuchagua upande.

Tazama kwanza

Kabla ya kutayarisha somo lolote, tumia siku tatu au nne kuwatazama watoto wakicheza bila ya kuelekezwa. Kaa barazani na daftari, usiite mtu, usisahihishe. Katika kombolela utamuona mtoto mdogo akijificha kwa kufunika uso kwa viganja, au kwa kuingiza kichwa nyuma ya mlango huku mwili wote uko nje, kwa sababu kwake yeye asiyemuona mtafutaji naye haonekani. Mwenziwe aliyemzidi mwaka mmoja au miwili hutafuta pahala ambapo macho ya mtafutaji hayafiki. Huyo tayari ameanza kuyatazama mambo kutoka pale aliposimama mwengine. Katika mdako utamuona anayetoa vijiwe shimoni na kurudisha vilivyozidi huku kijiwe chake kiko hewani, akifanya hesabu ya kutoa ambayo akiulizwa ubaoni atainamisha kichwa. Pwani, maji yakiwa yamekupwa, wapo wanaoshindanisha vingalawa vya kuchonga katika vidimbwi, wakibadilisha tanga na uzito mpaka chombo kikae sawa.

Andika maneno ya mtoto kama alivyoyatamka. "Anajua kuhesabu" si taarifa. "Amehesabu komwe saba, nilipomuuliza ni ngapi akaanza upya kuhesabu" ndiyo taarifa, na nitaeleza hapa chini kwa nini.

Beseni la maji

Nitakaa zaidi katika zoezi hili kwa sababu ndani yake mna karibu kila kitu. Weka beseni la maji kivulini na uwakalishe watoto sita, si zaidi, kulizunguka. Kusanya msumari, kijiwe, sarafu, kizibo, kijiti, kifuu na nazi moja kavu nzima iliyo na makumbi yake. Mpe kila mtoto vitu hivyo avishike mkononi, avipime uzito, avinuse akitaka. Kisha chukua kitu kimoja na uulize, kabla ya kukitia majini, "Unadhani kitakuwaje?" Kila mtoto aseme lake kwa sauti, na pasiwe na kitu kinachotiwa majini mpaka wa mwisho amesema. Sharti hili usilivunje, kwa kuwa mtoto ambaye hakutabiri hana cha kushangaa, na asiyeshangaa hana sababu ya kufikiri upya.

Wengi wa miaka 4 na 5 watakwambia kwamba kizito huzama na chepesi huelea. Acha kanuni hiyo ifanye kazi kwa muda: kijiwe kizame, kijiti kielee. Halafu uwape msumari mkono mmoja na nazi mkono wa pili, waseme kipi kizito, watabiri, na uvitie vyote viwili kwa pamoja. Msumari utakwenda chini. Nazi itabaki juu ikiyumba.

Hapo ndipo mwalimu mpya huharibu. Mara ya kwanza nilipofanya zoezi hili nilifurahi mno kuona macho yao yamewatoka, nikawaeleza pale pale kwamba nazi inaelea kwa sababu ina hewa ndani. Wiki iliyofuata niliuliza kwa nini msumari umezama, wakanijibu kwa sauti moja, "Hewa!" Nikauliza kwa nini kijiti kinaelea, wakajibu, "Hewa!" Nilikuwa nimewapa neno la kumridhisha mwalimu, nikawanyang'anya swali. Tangu siku hiyo, nazi inapoelea ninafunga mdomo na kuhesabu kimoyomoyo mpaka kumi na tano, na kama bado wamenyamaza ninasema tu, "Haya, jamani."

Watasema mengi. Mmoja atadai kwamba vikubwa huelea na vidogo huzama. Mwengine atasema ni makumbi. Nimewahi kumsikia mtoto akisema kwamba ndani ya nazi mna maji, na maji hayawezi kuzama ndani ya maji, na sikuona haja ya kumkatiza. Kila rai ipewe jaribio lake. Kwa anayesema vikubwa huelea, leta jiwe kubwa kuliko ngumi yako. Kwa anayesema makumbi, ifueni nazi mbele yao na muitie tena. Jaribu mwenyewe nyumbani kwanza, kwa sababu nazi hazifanani. Kavu iliyofuliwa kwa kawaida huendelea kuelea, ila hujitosa zaidi. Baada ya siku chache kanuni mpya itazaliwa, ambayo mara nyingi ni kwamba vitu vya chuma huzama, na hapo ulete kopo tupu la tungule, lielee, kisha lijazwe maji, lizame. Kwa mtoto wa Pemba usisahau kumuuliza kuhusu meli aliyoiona Mkoani au Wete. Imetengenezwa kwa kitu gani? Ina watu wangapi, magunia mangapi?

Usitarajie mtoto wa miaka 5 aondoke na kanuni ya wataalamu inayolinganisha uzito wa kitu na uzito wa maji kinayoyasukuma. Ataondoka akijua kwamba uzito peke yake hautoshi kueleza, na hilo ni jengo kubwa kwa umri wake. Na tahadhari moja isiyo na mjadala: mtoto mdogo anaweza kuzama katika maji ya kina cha kiganja, kwa hiyo mkubwa asiondoke kwenye beseni hata kwa kuitikia hodi, na maji yamwagwe zoezi likimalizika.

Komwe, na hatari ya kuuliza mara mbili

Panga komwe sita katika mstari na chini yake upange sita nyengine, kila moja ikiikabili mwenziwe. Muulize mtoto kama mistari miwili ina komwe sawasawa. Akikubali, uutandaze mstari mmoja mbele ya macho yake, uwe mrefu, bila ya kuongeza wala kupunguza, na uulize tena. Piaget alionesha kwamba watoto wengi wa miaka 4 na 5 hujibu kuwa mstari mrefu una vingi zaidi, hata kama wanaweza kuvihesabu vyote. Kwa kawaida jibu hubadilika karibu na miaka 6 au 7. Mtoto huyo hana upungufu wa akili. Anatumia kanuni kwamba kinachochukua nafasi kubwa ni kingi, kanuni inayosema kweli kwenye sinia ya wali na kwenye fungu la dagaa sokoni.

Lakini zoezi hili lina mtego, na mtego wenyewe unatuhusu sana sisi. Katika miaka ya 1970, James McGarrigle na Margaret Donaldson huko Scotland walilirudia kwa kumtumia mwanasesere wa dubu mtundu aliyetokea na kuuvuruga mstari, kana kwamba ni ajali. Watoto wengi zaidi walijibu sawasawa. Maelezo yao yalikuwa kwamba mkubwa anapoubadilisha mstari kwa makusudi kisha akarudia swali lile lile, mtoto hudhani kuwa anatakiwa abadilishe jibu, au kwamba jibu la kwanza halikupendeza. Sasa mfikirie mtoto wa kwetu, aliyelelewa kwa adabu ya kutombishia mkubwa, ambaye akiulizwa na mwalimu "una hakika?" huelewa kwamba amekosea. Huyo jibu lake halitafuti kwenye komwe. Analitafuta kwenye uso wako.

Ziko njia za kuepuka. Muache paka wa kitambaa auvuruge mstari, kisha umuombe mtoto akusaidie kwa kuwa wewe hukuona vizuri. Badala ya kurudia swali, sema, "Nionyeshe ulivyojua." Muulize pia anapopata, kwa sababu mwalimu anayeuliza "umejuaje?" pale tu panapokosewa amewafundisha watoto kuliogopa swali hilo. Na baadhi ya siku uliza mambo ambayo wewe mwenyewe huyajui: leo maji yatajaa wakati gani, nani nyumbani kwao anajua kusuka. Mtoto akiona kwamba mwalimu ana haja ya kweli ya jibu, huzungumza kwa sauti nyengine kabisa.

Kuhusu kuhesabu, tofautisha wimbo wa namba na hesabu. Mtoto anaweza kuimba moja mpaka ishirini bila ya kujua kwamba neno la mwisho alilolitaja ndilo jumla ya vitu. Ndiyo maana yule wa komwe saba alianza upya: kwake "saba" lilikuwa jina la komwe ya mwisho tu, si idadi ya zote. Jaribio jepesi ni kumwambia, "Nipe nne." Anayekupa konzi nzima bado yuko njiani, hata kama aliimba vizuri. Dawa yake ni michezo ambayo idadi ina faida na hasara ndani yake, kama mdako, kugawa tende kwa wenzake, au kutandika vikombe kwa idadi ya wageni. Tanbihi ndogo: komwe, gololi na sarafu wasiachiwe watoto walio chini ya miaka 3, ambao hutia kila kitu kinywani na wanaweza kupaliwa.

Kifuu kinapokuwa sufuria

Watoto wanaopika mchanga kwenye vifuu chini ya mwembe wanafanya kazi ngumu ya akili kuliko inavyoonekana. Katika mhadhara wake wa mwaka 1933 kuhusu mchezo, Vygotsky alieleza kwamba mtoto anapokifanya kijiti kuwa farasi, kwa mara ya kwanza anaitenganisha maana na kitu kinachoonekana. Kifuu ni kifuu, na papo hapo ni sufuria. Mtoto anayeweza kukaa na mawili hayo bila ya kuchanganyikiwa atakuja kukubali kwamba michoro mitatu ya chaki ni sauti, na kwamba alama ya 4 ni komwe nne. Jambo la pili alilolieleza ni kwamba mchezo wa kuigiza haukosi sheria. Anayekuwa mama lazima afanye ya mama, anayekuwa daktari hawezi kulia. Utamuona mtoto ambaye darasani hakai kitako dakika mbili akisubiri zamu yake ya kuchomwa sindano ya kijiti kwa utulivu wa mtu mzima.

Mkubwa aingie katika mchezo huo kama mgeni, si kama mkaguzi. Anayesimama juu yao na kuuliza "hiki ni rangi gani, hizi ni ngapi" ameugeuza mchezo kuwa mtihani, na watoto watatawanyika. Piga hodi.

"Hodi hapa. Nina njaa, kuna chakula?"

"Karibu, bibi. Kuna wali."

"Wali mtupu nitaulaje?"

Wapishi watatazamana, na baada ya muda mmoja atasema, "Ngoja, tunakwenda kuvua." Kwa swali moja umeiongezea hadithi yao safari ya pwani, ugawaji wa kazi na haja ya ngalawa, na wao wenyewe ndio waliolitatua tatizo. Siku nyengine mgeni aje na kikapu na karatasi, aombe aandikiwe bei. Michoro ya ovyo ambayo muuza duka wa miaka 4 ataiandika, kisha akaisoma kwa kujiamini kuwa ni shilingi mia tano, ni mwanzo halisi wa kuandika. Iwekeni ukutani, msiisahihishe.

Pishi na kibaba nazo zinafaa sana hapa, kwa sababu watoto wa Pemba wamewaona wazee wao wakipima karafuu kwa pishi, na pishi moja ni vibaba vinne. Wape mchanga mkavu na vyombo viwili, mdogo na mkubwa, wakisie kwanza kibaba kitaingia mara ngapi, kisha wajaze. Msimu wa karafuu una somo jengine la kupanga vitu kwa aina, kwani jioni familia nzima hukaa mkekani kuchambua, karafuu upande huu na makonyo upande ule. Sisemi kwamba mtoto akose skuli kwa ajili ya karafuu. Ninasema kwamba mkono uliokwisha kuchambua unaweza kuulizwa darasani, mbele ya fungu la kombe na simbi tupu zilizookotwa pwani, "Wewe ungezipanga vipi?" Acha achague kipimo chake. Niliwahi kumkatiza mtoto nikidhani amezichanganya ovyo, kumbe alikuwa amezitenga zinazotoa sauti ya bahari sikioni na zisizotoa.

Kutoka mkekani hadi ubaoni

Mchezo peke yake hautoshi, na hapa ninatofautiana na wanaodhani kwamba mtoto akiachiwa uwanja atajua yote. Alichokigundua kwa mkono kinahitaji maneno, na maneno yanahitaji mtu wa kuzungumza naye. Baada ya kila mchezo uliokusudiwa, wakalishe mkekani kwa dakika kumi wasimulie walichofanya, kisha wakichore, na mwisho kabisa ije alama. Mpangilio huo usigeuzwe. Darasa lililojaza vibaba vinne, likasema "vinne", likachora vinne, litaipokea alama ya 4 kama jina jipya la mtu wanayemjua. Likianza na alama, litanakili umbo lake tu.

Kiasi cha msaada ndicho kinachowasumbua walimu wengi, na mfano bora nimeuona kwa wanawake wanaofundisha kusuka ukili. Bibi hampi mjukuu miyaa mikavu na kumwambia asuke. Humuanzishia, humpa ukili ulioshika njia, humuacha asonge kwenye sehemu nyepesi, na huuchukua tena unapofika pahala pa kuongeza mwaa. Kila siku huuchukua mara chache kuliko jana. Mwaka 1976 David Wood, Jerome Bruner na Gail Ross walichapisha uchunguzi wa watoto wa miaka 3 mpaka 5 waliosaidiwa kujenga piramidi ya vipande vya mbao, wakaufananisha msaada mzuri na jukwaa la mafundi, linalowekwa jengo likipanda na kuondolewa likisimama. Bibi wa ukili asingeshangaa kuyasikia hayo. Darasani maana yake ni kwamba ukimuona mtoto amekwama, anza na msaada mdogo kabisa: kaa karibu naye kimya. Ikishindikana, uliza. Ikishindikana, muonyeshe hatua moja, kisha urudishe mikono yako mapajani.

Darasa likiwa kubwa, na mengi ni makubwa, usijaribu kulifanyia beseni wote kwa pamoja. Gawa mikeka: kundi moja kwenye maji pamoja nawe, mengine kwenye kazi ambazo hazihitaji mkubwa, kama kuchora, kupanga kombe au kupika, na zungusha makundi kwa wiki nzima. Watakaofika kwenye beseni Ijumaa watakuwa wamekwisha kusikia habari za nazi kwa wenzao. Usihuzunike, watakuja na ubishi, na ubishi unafaa. Ikiwa kituo chenu ni cha TuTu, yaani Tucheze Tujifunze, ambako vipindi vya redio huwaongoza watoto kwa nyimbo na vitendo, tumia utulivu wa baada ya kipindi kwa mazungumzo ya mkekani. Vifaa visikutie hofu. Skuli za maandalizi za programu ya Madrasa, iliyoanza hapa Zanzibar mwaka 1990 kwa msaada wa Aga Khan Foundation, zimefundisha kwa vifuu, makopo na vitambaa.

Chuoni na skuli

Watoto wetu wengi husoma chuoni, yaani chuo cha Kurani, na skuli kwa siku moja, na mwalimu wa maandalizi asiyelijua hilo atayaelewa vibaya anayoyaona. Mtoto anayeanza kuandika jina lake kutoka kulia kwenda kushoto ameijenga kanuni hiyo kwa haki: chuoni mstari unaanzia kulia. Mwambie wazi kwamba kila maandishi yana mlango wake, na uweke alama ya kidole kijani upande wa kushoto wa karatasi ya Kiswahili mpaka azoee. Watoto wa umri huu duniani kote hugeuza baadhi ya herufi, hata wasiosoma Kiarabu, hivyo usikimbilie kudhani kuna ugonjwa.

Wala usiuweke ukariri upande wa adui. Mtoto aliyehifadhi sura fupi amejifunza kusikiliza kwa makini na kutamka herufi kwa usahihi ambao wengi wetu hatuna. Kuhifadhi na kuelewa ni kazi mbili, na kila moja ina wakati wake.

Wazee watakapouliza

Watauliza: "Nimempeleka akasome, mbona anacheza?" Swali ni la haki. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliyaingiza maandalizi katika elimu ya lazima, na mzee anayeamka alfajiri kumuogesha mtoto anataka kuona daftari limejaa. Usimjibu kwa Piaget. Muite siku ya beseni, mpe nazi aishike, umuulize mbele ya mwanawe kama itazama. Wengine hukataa kujibu kwa kuona haya. Wavuvi hujibu haraka, kisha wakabaki mpaka saa ya mapumziko. Nyumbani waombe jambo moja tu: mtoto akiuliza kwa nini, wamuulize "wewe unaonaje?" kabla ya kumjibu.

Daftari la mwalimu

Kwa kila mtoto tenga kurasa mbili. Usiandike alama wala maksi. Andika tarehe, alichokuwa akifanya, na maneno yake. Ukurasa wa mtoto mmoja wa kwangu, kwa mwaka mmoja, ulikuwa hivi. Machi: "Kizito kinazama." Machi, baada ya nazi: hakusema kitu, aliikandamiza nazi kwa mikono miwili mara tatu. Mei: "Nazi ina makumbi, ndiyo." Mei, baada ya nazi kufuliwa: "Basi si makumbi." Agosti, akirudi kumsindikiza mama yake gatini: "Meli ya chuma. Nani kaitoa maji ndani?" Oktoba, akimfundisha mdogo wake kwenye karai nyumbani, kwa habari aliyoileta mama yake: "Usimwambie kwanza. Muulize."